Manowari ya Kaka Ngosha

Kasha lilikuwa chini kabisa ya rundo la mitumba, chini ya makoti mazito ambayo hakuna mtu wa Mwanza angeyavaa, na aliyeliona kwanza alikuwa Ngosha.

Obedi alikuwa amempeleka kaka yake soko la Mlango Mmoja kumtafutia sweta. Ngosha alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kwa miaka miwili akili ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo. Alianza kusahau majina ya wajukuu, kisha njia ya kwenda chooni, kisha akamsahau Obedi. Siku nyingi alimwita mdogo wake "bwana", kama mtu anavyomwita mgeni ambaye hataki kumuudhi. Siku hiyo alichuchumaa, akayasukuma makoti, akaweka kidole juu ya picha ya manowari iliyochorwa kwenye kasha ikipasua mawimbi.

"Mzinga wameuweka mbele mno," alisema. "Na kibanda cha simu kiko wapi?"

Obedi alichuchumaa kando yake. Kwa miezi minne hakuwa amesikia kwa kaka yake sentensi mbili zilizofuatana na kuleta maana.

"Shikamoo, mzee," alisema Bilali, mwenye meza ile ya mitumba. "Ni toi hilo. Ndani kuna vipande vya plastiki, unaunganisha mwenyewe. Lilikuja katikati ya robota la nguo za watoto."

"Marahaba. Vipande vimetimia?" aliuliza Obedi.

"Nivihesabu mimi? Mimi nauza suruali. Chukua na sweta, nitakufanyia bei moja. Lakini mzee wangu, kwa umri huo unakwenda kucheza meli?"

"Mimi ni fundi boti."

"Basi hii haitakusumbua, haina hata abiria," alisema Bilali, akaanza kufunga sweta kwenye gazeti.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Obedi alipaswa kumwambia kaka yake, na alikuwa amelichelewesha kwa miaka thelathini na minane.

Mwaka 1957 Ngosha alikuwa Mombasa, baharia katika jeshi la majini la wakati wa Mwingereza. Mama yao alifariki nyumbani, Bujora. Mjomba alimpa Obedi kipande cha karatasi chenye anwani ya meli, akamwambia akimbie mjini, aingie posta, apige simu ya maandishi ili Ngosha awahi mazishi. Obedi alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa amechunga ng'ombe tangu utoto na hakujua herufi hata moja. Alipofika posta aliwaona watu wakijaza fomu, na karani akimfokea mama mmoja mbele ya wote kwa sababu hakuweza kuandika jina lake. Obedi alikaa nje kwenye ngazi mpaka jua likawa utosini. Kisha akarudi Bujora kwa miguu, akasema, "Nimetuma."

Ngosha alikuja likizo baada ya miezi miwili, ana khanga mpya za mama mkononi, akakuta kaburi limeota majani. Aliuliza mara moja tu. "Simu ilitumwa?" Obedi akasema, "Niliituma." Basi Ngosha akaamini kwamba aliyeificha ni Abubakary, mpokea simu za maandishi wa melini, kijana wa Tanga waliyekuwa wakila sahani moja. Alirudi Mombasa akampiga, akamvunja taya. Walimfunga, kisha wakamfukuza jeshini. Alirudi Mwanza akabeba mizigo bandarini mpaka alipozeeka.

Obedi alipookoka alilikiri jambo hilo mbele za Mungu, tena kwa machozi. Mchungaji alimsikiliza, akamwambia, "Mungu amesikia. Bado Ngosha." Obedi alisema ndiyo. Lakini kila mwaka alipata sababu ya kungoja mwaka mwingine, mpaka sasa, anapotaka kusema, mtu wa kuambiwa ndiye anayeondoka.

Kwa hiyo alilibeba lile kasha mpaka nyumbani Pasiansi kwa matumaini ambayo aliyaona aibu kuyataja. Kama picha tu imemrudisha kaka kwa sentensi mbili, meli nzima, iliyo sawa na ile yake, ingemrudisha kwa muda gani? Usiku ule aliomba kwa maneno machache. "Bwana, mfungulie hata kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai."

Kazi ilianza kibarazani. Obedi alikuwa amepunguzwa kazi katika kiwanda cha boti pamoja na mafundi wengine wengi, na vifaa vyake vilikuwa vimelala. Mwalimu Getruda, aliyemfundisha kusoma na kuandika katika masomo ya jioni ya watu wazima, alimsaidia kuisoma karatasi ya maelekezo.

"Inchi moja ya hapa ni futi sita za meli ya kweli," alisema.

"Kwa hiyo kaka hafiki inchi moja."

"Hafiki. Wala wewe, wala mimi."

Manowari ya kwenye kasha haikuwa ile ya Ngosha. Zilikuwa ndugu tu, na moja ilikuwa ndefu kuliko nyingine. Obedi alikuwa na picha moja ya zamani, Ngosha amesimama mbele ya mlango wa kibanda cha simu, kofia imeinama upande. Alimsimamisha kaka yake kwenye mlango wa nyumba, akampima kwa futi. Ngosha alisimama wima, mikono imenyooka mapajani, asipepese macho. Kutokana na urefu wake Obedi alipata urefu wa mlango, kutokana na mlango akapata kibanda, na kutokana na kibanda akapata bomba la moshi na mlingoti. Aliikata plastiki katikati kwa msumeno wa chuma, akatoa kipande, akaiunganisha tena. Penye mwanya alijaza vumbi la plastiki ile ile lililoyeyushwa kwa tina, dawa ya kuzimulia rangi, akapiga msasa mpaka kiungo kikapotea. Alisogeza mzinga nyuma.

Vipande vingine havikuwamo kwenye kasha, na vingine havikupata kuwamo. Mlingoti aliutengeneza kwa spoku ya mwavuli. Mapipa ya mabomu yalitoka kwenye mirija ya kalamu. Kamba za juu zilikuwa uzi wa nyavu za dagaa, aliouchana mpaka ukawa mwembamba kama unywele. Kibanda cha simu alikitengeneza kwa bati laini la tyubu ya dawa ya meno, lililooshwa na kunyooshwa kwa kijiko. Kikawa na mlango unaofunguka, na ndani yake meza, na juu ya meza mashine ya simu ndogo kuliko punje ya mtama. Mashine ile aliirudia mara sita. Kila mara alipiga magoti kabla ya kushika wembe.

"Wenzako wanaajiriwa viwanda vya sangara," alisema Dorotea, mke wake, akipita na ndoo. "Wangu anaunda jeshi. Mkianza vita na Ukerewe, nitaanua nguo mapema."

"Ukerewe tuna shemeji zetu."

"Ndiyo maana nasema."

Lakini ndiye aliyemshikia taa mawingu yalipotanda, na ndiye aliyetoa sharubu mbili za paka kwa ajili ya brashi.

Vizuizi vya pembeni, vile vyuma ambavyo mabaharia huvishika wasianguke, vilimshinda. Mwalimu Getruda alijua kwamba Uingereza kuna maduka yanayouza vipuri vya shaba vya meli ndogo kama hizi, kwa watu wasioridhika na vilivyomo kwenye kasha. Alikuwa na rafiki huko, nesi aliyewahi kufanya kazi misheni. Obedi aliandika barua mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mbili, na mwalimu akaitafsiri. Bahasha aliiandika mwenyewe pia. Aliipeleka posta ile ile. Karani, msichana mwenye umri wa binti yake, aliisoma anwani, akagonga muhuri, akasema, "Mwingine." Ilikuwa imekwisha. Obedi alitoka nje akakaa kwenye ngazi zile zile.

Kifurushi kilikuja baada ya miezi mitano. Ndani kulikuwa na karatasi ya shaba nyembamba kama jani, imechongwa vizuizi na ngazi, na mtutu wa mzinga wa shaba iliyokerezwa. Katika miezi hiyo Ngosha alikuwa amesahau kijiko ni cha nini.

Obedi alifanya kazi haraka. Kabla ya kufunga sitaha alimimina mchanga ndani ya tumbo la meli ili iketi vizuri majini, kama mashua za ziwani zinavyobeba magunia ya mchanga chini. Hakuwaza kuiacha mezani. Kwa miaka ishirini na sita hakuna chombo kilichotoka mkononi mwake bila kugusishwa maji na kuombewa, na wenye kasha nao walikuwa wameichora mawimbini.

Jumamosi asubuhi alimshika kaka yake mkono wakashuka ziwani. Kati ya mawe mawili makubwa palikuwa na maji matulivu ambayo gugu maji lilikuwa halijayafunika. Alimkalisha Ngosha juu ya jiwe dogo, akavua viatu, akaingia mpaka magotini. Aliomba kwa sauti, akaiweka manowari juu ya maji, akaiachia.

Ilikaa sawa. Ilielea ya kijivu, shaba ya vizuizi ikimetameta chini ya rangi mahali ambapo brashi haikufika.

Ngosha alisimama. Alifunga vifungo vya sweta mpaka shingoni. Aliitazama meli kutoka mbele hadi nyuma, akasimamisha macho kwenye kibanda cha simu, kisha akamtazama Obedi usoni, kwa macho ambayo Obedi hakuwa ameyaona kwa mwaka mzima.

"Abu," alisema. "Taya limepona?"

Obedi alifungua kinywa kusema limepona, akakumbuka kwamba huo nao ungekuwa uongo.

"Kaka, mimi siyo Abubakary. Mimi ni Obedi, mdogo wako. Simu ya mama sikuituma. Nilifika posta, nikaogopa kwa sababu sikujua kuandika. Nikakwambia nimetuma. Abubakary hakuficha kitu. Ulimpiga bure, wakakufukuza bure. Mimi ndiye. Nisamehe."

Ngosha alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuna neno lililompita. Hilo Obedi aliliona waziwazi.

"Abu," alisema kwa upole, "miaka yote hii umekaa ukiitunga hiyo? Umemkosa mtu wa kumsingizia ila mtoto?"

"Kaka..."

"Obedi alitembea kutoka Bujora mpaka posta, maiti ya mama yake imelazwa ndani. Mtoto yule hasemi uongo. Nimemlea mwenyewe." Alishuka kwenye jiwe, akaingia majini na viatu vyake, akaweka mkono juu ya bega la mdogo wake. "Sina hasira tena. Nimechoka nayo. Sema tu kwamba uliificha, nikusamehe leo hii. Neno moja, Abu."

Mkono ulikuwa mzito na wa joto. Obedi alikuwa ameungoja kwa miaka thelathini na minane. Ilibaki kusema, "Niliificha," na angesamehewa na kaka yake, kwa jina la mtu wa Tanga aliyevunjwa taya bila kosa.

"Siwezi," alisema.

"Basi," alisema Ngosha, akauondoa mkono.

Mbali kidogo ilipita boti ya kiwanda cha samaki. Mawimbi yake yalifika kati ya mawe yakiwa yamekwisha nguvu. Manowari ililala upande kidogo, kama chombo chochote kinavyofanya, lakini mchanga wa tumboni ulihamia upande ule ule ukabaki huko. Kwenye mashua watu huruka na kuyahamisha magunia. Humu hamkuwa na mtu. Ilizidi kulala, maji yakaingia kwenye mlango wa kibanda cha simu, ikazama katika maji ya kufika magotini, wakiwa wote wawili wamesimama kando yake.

Obedi aliinama akaitafuta kwa mikono. Alipoitoa, mlingoti ulikuwa umevunjika na kibanda kimebonyea. Aliiinua mbele ya Ngosha, maji na mchanga vikimwagika.

"Kaka, itazame."

Ngosha aliitazama. "Toi nzuri," alisema. "Ya mtoto wa nani, bwana?"

Obedi aliitengeneza. Aliikausha, akatoa mchanga, akafanya kibanda kipya na mlingoti mpya, akaipeleka tena majini mara tatu ikiwa na risasi za kuzamishia nyavu zilizogandishwa imara chini. Haikulala tena upande wowote. Ngosha alikaa kwenye jiwe akiwatazama bata maji.

Mchungaji alikuja akawaombea wote wawili. Mwalimu Getruda alishauri waandike Tanga. Obedi aliandika barua tatu kwa mkono wake, kwenye misikiti miwili na ofisi ya mkuu wa wilaya, akimuulizia Abubakary aliyekuwa mpokea simu za meli. Ofisi ilijibu kwamba jina hilo wanalo watu wengi.

Sasa humwambia kaka yake kila asubuhi, baada ya kumlisha uji na kumfuta kidevu. Humwambia yote, posta, ngazi, karani, mama, Abubakary, bila kuruka kitu, kisha humwomba msamaha. Ngosha humsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za ukoo wa wengine. Obedi akimaliza, Ngosha husema, "Pole sana, bwana," na huuliza kama mvua imenyesha Bujora.