Sikio la Golsa

Jirani yetu Oddgeir anasimulia hivi, na husimulia akiwa ndani ya bwawa la maji ya moto la kijijini kwetu, hapa Aislandi, maji yamemfika kidevuni: kwamba mzee Ketill aliingia ukumbi wa hoteli amelewa chakari, akanyakua kichwa cha kondoo kwenye sahani ya mgeni, akatoka nacho mbio mvuani kama mbwa. Eti mama mmoja mgeni alizimia. Watu bwawani hucheka mpaka maji yanamwagika ukingoni.

Mimi ndiye niliyekuwa nagawa sahani. Hakuna aliyezimia, na Ketill alikuwa amekunywa kahawa tu.

Oddgeir alinunua shamba la Ketill mwaka juzi, akajenga hoteli palipokuwa na zizi. Hati iliandikwa kama hati zetu zote za ardhi: shamba na vyote vinavyoambatana nalo. Ketill alielewa maporomoko ya maji na malisho ya mlimani. Hakuelewa kwamba humo humo imo alama ya masikio, ile ambayo ukoo wake umewakata kondoo wake tangu babu wa babu yake. Kalamu iko mkononi, akauliza jambo moja tu.

"Na Golsa?"

Golsa alikuwa kondoo kiongozi, wa ile mbegu inayonusa dhoruba kabla haijafika na kulishusha kundi zima. Mwaka mmoja alimtoa Ketill mwenyewe kwenye theluji. Vidole vya mzee viliganda siku ile, na mpaka leo havihisi kitu.

"Golsa ni wako, Ketill wangu," Oddgeir akasema. "Nani amtake bikizee yule?"

Wakapeana mikono. Jikoni tulikuwa watatu. Mimi, kibarua wa Ketill wakati huo, nilikuwa namimina kahawa.

Msimu wa vuli uliofuata kondoo walishushwa mlimani hadi zizi la kijiji, wagawanywe kwa wenyewe, na Golsa ndiye aliyekuja mbele. Ketill akamshika pembe, akambana kwa magoti kama tufanyavyo, akaanza kumsogeza pembeni.

"Mwache," Oddgeir akasema. "Lisomwe sikio kwanza."

Steinvör, mama anayeongoza msako wa kondoo mlimani na ambaye neno lake ndilo la mwisho zizini, akapapasa sikio. "Alama ni ya shamba, na shamba ni la Oddgeir. Kuna aliyesikia vingine?"

Ketill akanitazama. Mimi nilikuwa nimevaa sweta la hoteli, na chumba ninacholala kiko juu ya jiko la hoteli. Shule yangu iliishia ya msingi. Kazi nyingine hapa ni kuosha samaki kiwandani, mji wa pili. Nikatazama viatu vyangu.

Golsa akaburutwa. Wageni waliojipanga ukutani wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo. Mmoja akaomba mzee arudie kuvutana, maana picha yake haikutoka vizuri.

"Usinune," Oddgeir akamwambia Ketill mbele ya watu. "Njoo ukae pale hotelini, kwenye nyumba ya nyasi ya maonyesho. Vaa sweta, chezea ndevu, nyamaza. Wageni wanataka kumwona Mwaislandi halisi, na mimi nimenenepa mno."

"Mimi si mwanasesere."

"Sasa wewe ni nani, Ketill wangu? Ardhi huna. Kondoo huna. Hata alama huna."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, sitaficha.

Baadaye mzee alipouliza Golsa yuko wapi, aliambiwa yuko kaskazini kwa binamu wa Oddgeir, anakula na kunenepa. Akafurahi. Alianza kushona begi la kumpelekea chumvi ya kulamba.

Jioni hiyo inayosimuliwa bwawani, wageni walipikiwa vichwa, vimebabuliwa manyoya na kuchemshwa, vingine na pembe zake. Oddgeir alisimama katikati na kisu akawafundisha desturi yetu: kabla ya kula sikio unakata kipande chenye alama, usije ukaitwa mwizi. Wageni wakakata huku wanacheka. Vipande nikavikusanya kwenye kisahani.

Ketill akaingia kwa mlango wa jikoni, kofia mkononi, begi la chumvi begani. Alikuja kuuliza njia ya kwenda kwa huyo binamu.

"Huyu hapa mwenyewe!" Oddgeir akapaza sauti. "Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Ketill hakuwatazama. Macho yake yana ukungu siku hizi, lakini kisahani alikiona. Akavisogezasogeza vile vipande, akachukua kimoja, cha sikio la kushoto, cheusi kwa moto, akanitia kiganjani na kunifumba vidole.

Golsa alipokuwa mwanakondoo alichanwa na waya sikio la kushoto, chini kidogo tu ya alama. Mimi ndiye niliyelishona, kwa uzi wa kushonea mito. Kovu lake ni vifundo vinne.

Kidole gumba changu kikagusa kifundo cha kwanza. Kikagusa cha pili.

Oddgeir alikuwa ananitazama, kisu bado mkononi. Mgeni mmoja akainua simu.

"Steinvör alikuuliza ukanyamaza," Ketill akasema polepole. "Sawa. Ulikuwa na chumba chako cha kulinda. Leo nisomee hili moja tu, binti. Vidole vyangu havisomi. Ni yeye?"