Mwanaharusi Akakaa Katikati

Hyasinta Masatu alipewa majuma mawili ya kujifunza pikipiki, na siku ya nane alikuwa bado hajui kukata kona.

Kwenda moja kwa moja alijua. Kuwasha, kuingiza gia, kuachia klachi polepole, hayo yote aliyashika mapema kuliko wenzake. Lakini Fundi Hamduni alipopanga madebe uwanjani, karibu na soko la Mwigobero, Musoma, na kumwambia ayazunguke, pikipiki ilifika kwenye debe la kwanza ikagoma kugeuka. Ilikwenda mbele tu, kama ng'ombe aliyeona maji, ikaligonga debe na kulala ubavu.

Jilala, karani wa pamba kutoka Bunda aliyekuwa akijifunza pamoja naye, alikuwa amekaa kwenye jiwe akingoja zamu yake.

"Dada," alisema, "hilo debe limekukosea nini? Kila siku wewe na lenyewe."

Wenzao wakacheka. Tangu utotoni maneno ya Hyasinta yalikuwa yakifika mdomoni yanarudi. Aliinua pikipiki, akapangusa vumbi kwenye suruali, akairudisha mwanzo wa uwanja.

Angekuwa anajifunza kwa ajili yake mwenyewe, angeshaacha. Lakini upande wa Butiama kulikuwa na kliniki ndogo ya wazazi, ambako alikuwa msaidizi wa mkunga, Mama Selestina. Kliniki ilikuwa imepewa pikipiki kuukuu ya kumfikisha mkunga vijijini. Vijana wawili walishafundishwa kuiendesha, na kila mmoja, alipoipata leseni tu, aliaga akaenda kutafuta kazi Mwanza. Mara ya tatu Mama Selestina akasema safari hii ataendesha Hyasinta, asiye na haja na Mwanza. Daktari wa Musoma, mwenye amri juu ya kliniki, alikubali kwa shingo upande. Alisema msichana asipopata leseni kabla mwezi haujaisha, pikipiki itahamishiwa Bunda.

Na Hyasinta alijua maana ya kuikosa. Masika yaliyopita walitembea maili tisa kwenda kwa mzazi mmoja, yeye na Mama Selestina, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii. Walikuwa wakipumzika kila baada ya hatua chache. Walipofika, walikuta watu wamekaa chini uani, na kitoto kimefunikwa kanga mpaka usoni. Mama mtu aliwauliza kwa upole kama wamechoka na njia. Upole ule ndio uliomuumiza Hyasinta kuliko kama wangetukanwa.

Basi akawasha tena, akaliendea debe. Safari hii hakuligonga. Alilipita kwa upande, akashindwa kurudi, akatoka nje ya uwanja, na kabla hajaikumbuka breki alikuwa ameingia katikati ya furu walioanikwa juani. Samaki wadogo wakaruka huku na huku, akaangukia juu yao.

Mwenye samaki, mwanamke wa makamo aitwaye Esta, alikuja amejishika kiuno. Hyasinta akapiga magoti kuokota furu, akingoja matusi. Esta alimtazama tu.

"Wewe umekulia mtumbwini," alisema.

Hyasinta akainua macho.

"Nimekuangalia tangu juzi. Hiyo pikipiki ikiinama huku, wewe unajitupa kule. Ndivyo tulivyokuwaga tunafanya ziwani, mtumbwi usipinduke. Baba yako anavua wapi?"

"Rukuba, mama."

"Na kasia ulikuwa unapiga wewe?"

"Baba hana mtoto wa kiume."

Fundi Hamduni, aliyekuja mbio akidhani ameumia, alisimama akasikiliza. Kisha akajipiga paji la uso. "Siku nane nakufundisha mikono," alisema, "kumbe shida iko kiunoni."

Akamweleza pale pale, katikati ya samaki. Mtumbwi ukiinama unauzuia. Pikipiki ikifika kwenye kona inataka kuinama, na mtu ainame nayo, akiizuia inakwenda moja kwa moja. Hyasinta alielewa. Alijaribu mara tatu, na mara tatu mwili wake ukafanya ulichozoea tangu akiwa na miaka sita. Fundi akasema hili halifundishwi kwa maneno. Inafaa akae nyuma ya mtu anayejua, amshike, wainame pamoja mpaka mwili ukubali.

Lakini amshike nani? Hamduni hakuweza kumpakia binti wa watu, amemkumbatia kiunoni, mbele ya Mwigobero nzima. Hyasinta naye angeona heri aanguke tena kwenye furu. Wakasimama wote wawili wakitazama chini. Mwisho fundi akasema wasubiri, akaenda nyumbani, akarudi na mke wake, Mwanaharusi.

Mwanaharusi alikuwa fundi cherehani. Yeye ndiye aliyemshonea Hyasinta ile suruali pana ya kuvaa chini ya gauni, siku ya kwanza tu alipomwona anahangaika na upindo, na alikataa katakata kusikia habari ya malipo. Sasa alikuja na tepu ya kupimia bado shingoni, akafunga buibui lake vizuri miguuni, akapanda nyuma ya mumewe.

"Njoo, mwanangu. Mimi nakaa katikati," alisema. "Unishike mimi. Usimwangalie mume wangu, usiangalie njia. Weka shavu mgongoni kwangu. Nikienda huku twende wote, nikienda kule twende wote."

Wakawa watatu juu ya pikipiki moja, wakizunguka madebe polepole. Soko likasimama kutazama. Jilala akamwambia fundi kwa sauti kwamba na yeye ana shida ya kiuno.

"Wewe tutakuletea bibi yangu akae katikati," Mwanaharusi alimjibu bila kugeuka, na safari hii aliyechekwa alikuwa Jilala.

Mwanzoni Hyasinta alijikaza. Kila walipoinama, mwili wake ulivuta upande wa pili, na Mwanaharusi alikuwa akisema tu, taratibu, "Tuuache upinduke, mwanangu. Tuuache huo mtumbwi." Kesho yake alikuja tena, ameacha nguo za watu mezani. Siku ya tatu, katika mzunguko ambao hata hakuuhesabu, Hyasinta aligundua kwamba wameshapita debe la mwisho na yeye hakuvuta popote. Mwanaharusi naye akajua. Akampiga mumewe begani asimame, akashuka. "Nenda mwenyewe," alisema.

Akaenda. Akayazunguka yote saba, akarudi, akayazunguka tena. Jioni ile hakwenda kupumzika. Alikaa na Esta akisafisha mchanga kwenye furu, mmoja mmoja, mpaka Esta akamwambia basi, inatosha, samaki wenyewe wamechoka kushikwa.

Siku ya mtihani, mkaguzi Mzungu alimuuliza askari mara mbili kama kweli huyu ndiye mwanafunzi au amemsindikiza mtu. Jilala alitangulia, akaweka mguu chini kwenye kona, akaambiwa arudi mwezi ujao. Hata hivyo ndiye aliyemshikia Hyasinta pikipiki alipokuwa anapanda. "Nenda, dada," alisema. "Mimi na wewe leo hatuna utani." Mkaguzi alipomaliza kutazama alisema neno moja tu, na askari akatabasamu kabla ya kulifasiri.

Hyasinta alikwenda kuaga na leseni mkononi. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi. Alipofika kwa Hamduni na Mwanaharusi yalibaki machache.

"Asanteni. Mmenibeba," alisema.

"Umejibeba," Mwanaharusi alisema. "Mimi nilikuwa mto tu wa kuegemea."

"Hapana, mama." Alishangaa kusikia sauti yake imetoka kubwa. "Mlinibeba."

Mwanaharusi alimshika mikono yote miwili, akakaa nayo.

Juma lililofuata, asubuhi, mtu alikuja kliniki kuita. Kulikuwa na mzazi kijiji cha mbali, upande wa njia ya Bunda, na uchungu ndio kwanza umeanza. Mama Selestina alipanda nyuma na mkoba wake, na miguu iliyovimba ikaning'inia salama. Walipofika, mama yule alikuwa bado anatembea uani, anaweza hata kusalimia. Mama Selestina alimpima, akanawa mikono, akatangaza kwamba bado, wangoje. Wakaletewa viti, kisha uji.

Hyasinta alikuwa hajawahi kungoja mtoto. Siku zote walifika wakimkimbilia. Alikaa kivulini, uji ukipoa mkononi, akawataja kimoyomoyo mmoja mmoja, Esta, Hamduni, Mwanaharusi, hata Jilala, akamwomba Mungu awakumbuke kila mmoja kwa jina lake. Alikuwa hajamaliza aliposikia Mama Selestina anamwita aje na maji ya moto.