Nadhiri ya Mwatiko

Mume wangu Kificho ana hekima zake, lakini siku ile ya moto aliweka nadhiri kwa mali isiyokuwa yake. Samaki ni wangu. Bwawa nimelichimba mimi na wanawake wenzangu kando ya mkono wa bahari, hapa kwetu kusini, na hao mwatiko tunaowafuga walikuwa wamebakisha kidogo tu tuwapeleke sokoni Darajani.

Kificho ni mlinzi wa hoteli iliyoko juu ya bwawa letu. Ghala la mafuta la hoteli liliposhika moto, yeye alikuwa ndani. Anasema alipoona mlango umezibwa na moshi alitamka, "Mola wangu, nikitoka mzima, Ijumaa watu watakula mwatiko wa bwawa la mke wangu." Pale pale vijana wa zimamoto wa hoteli wakamwaga povu, moto ukalala, wakamtoa mkono umebabuka. Nililia kwa furaha, sikatai. Hata hilo povu nililiombea dua.

Povu lenyewe likateremka na mteremko mpaka bwawani kwangu, jeupe, limefunika maji yote. Nikamuuliza mmoja wa wale vijana ni kitu gani. "Sabuni tu hiyo, bi mkubwa," akanambia. Kesho yake povu halipo, na samaki wengi wanaelea matumbo juu. Waliobaki walikuwa wakihema juujuu, halafu baada ya siku chache wakatengemaa, wakala kama kawaida.

Nikampigia simu Nasima, binti wa jirani yetu, yeye anasomesha chuo kikuu kule Tunguu. Akaja na chupa zake, akachota maji akayapime.

"Mama, msiwale wala msiwauze mpaka majibu yatoke. Mapovu mengine yana dawa isiyoondoka kwa kuosha wala kwa kupika. Inakaa ndani ya samaki, na anayemla inamwingia. Na mlango wa bwawa usiufungue, maji haya yasije yakafika kwenye mwani wa watu."

Haya, niambie. Kuvua siwezi, kufungua siwezi, na kulitukana povu siwezi, maana ndilo lililonirudishia mume.

Kificho hakutaka kusikia. "Si wamesema sabuni? Tutawasuuza vizuri."

"We bwana, umeona wapi samaki akasuuzwa ndani ya nyama?"

"Nimemtamkia Mungu, Muzdalifa. Nikivunja, nitasimama vipi kusali? Na watu nshawaalika."

Niliwaka. Lakini nilimwona anavyoukumbatia ule mkono uliofungwa bendeji, nikajua huyu mtu anaogopa kuliko siku ile ya moto.

Ijumaa alivua baadhi yao mwenyewe, kwa mkono mmoja. Mimi sikuwagusa. Akawachoma, akawapaka nazi, harufu ikajaa uwanja mzima. Mimi nikachemsha sufuria ya kunde pembeni, kwa hasira tu. Watu walipotoka msikitini wakakaa mkekani. Kificho akasema bismillahi, akamega mwatiko, akatoa miba. Mjukuu wetu Ulfat alikuwa ubavuni kwake kama siku zote, kwa sababu tonge la kwanza la babu ni lake. Akafungua kinywa.

Mkono wa Kificho ukasimama hewani. Mtoto akangoja, akafunga kinywa, akafungua tena.

"Babu, nipe."

Kificho akaifumbata ile nyama kiganjani. Aliponigeukia, macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Muzdalifa, lete hizo kunde."

Wale samaki wakaondolewa, watu wakala kunde, wakamwombea. Shekhe akamwambia nadhiri ya kudhuru watu haitimizwi, alishe masikini chakula kingine. Amelisha, lakini usingizi wake haujarudi.

Majibu ya Nasima bado. Mlango wa bwawa nimeukaza kwa udongo, kwa mikono yangu miwili. Kila asubuhi nnawatupia pumba samaki waliobaki, maana sina moyo wa kuwaua kwa njaa, na wao wananijia ukingoni midomo wazi. Wamenenepa, wazuri wa kutamanisha. Siwezi kuwatazama sana.

Juzi Kificho alinifuata, akasimama nyuma yangu. "Mpaka lini?" akauliza.

"Waulize waliokutoa motoni," nikamwambia.

Akachukua kopo la pumba mkononi mwangu, akawatupia yeye.