Hapo Usisimame

Marehemu mume wangu alipiga luti, kinanda cha nyuzi, binamu wa udi wa taarabu, chenye tumbo kama nusu ya boga. Nyimbo zake zilikuwa za Wazungu wa miaka mia nne na zaidi iliyopita. Alikuwa na mwanafunzi mmoja tu, binti aliyembandika jina Vidole. Mimi kwa miaka thelathini ya ndoa niliitwa "we mama". Mungu anisamehe, jina hilo la Vidole lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki ya sita baada ya mazishi, binti akabisha hodi.

"Shikamoo mama. Jumapili napiga kanisani, kumkumbuka mwalimu. Naomba luti yake."

"Marahaba. Yako imeota mabawa?"

"Yangu haimjui, mama."

Haimjui! Nikamtolea, ila nikamwambia apige kwanza nisikie. Moyoni nilikuwa natafuta kosa la kumnyimia.

Akafungua karatasi: mistari sita yenye herufi. Mume wangu aliwahi kunieleza kwamba herufi humwonyesha mpigaji pa kubana uzi, lakini haimwambii aushikilie hadi lini. Hilo anaamua mwenyewe.

Akapiga. Kosa sikulipata. Ilikuwa sauti ya marehemu tupu, nikapandwa na hasira kama niliyekuta koti lake limevaliwa na mtu. Katikati ya wimbo akasimama kidogo, akainua uso, akautabasamia mlango wa jikoni, kisha akaendelea.

"Hapo mbona umesimama?"

"Mwalimu alisimama hapo kila siku. Karatasi haisemi, nikajua ndiyo siri ya wimbo. Hata kwenye mashindano nilisimama, waamuzi wakanisifu."

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Siri gani, binti! Saa hiyo mimi napita nyuma yako na ndoo ya nguo. Kishikio chake kinalia. Alikuwa akingoja nipite, kelele ziishe."

"Na tabasamu je?"

"Tabasamu lipi?"

"Alitabasamu, mama. Kila siku. Nilidhani nalo ni sehemu ya wimbo."

Sikuliona hata siku moja. Mwenye ndoo hutazama mbele, asimwage maji.

Nikafuta luti vumbi kwa upindo wa kanga, nikampa.

"Nenda nayo. Ila hapo usisimame. Hapo ni pangu."

Jumapili alipita pale bila kusita. Mimi, kwenye benchi la mbele, nikageuka, nikautabasamia mlango wa kanisa.