Wali wa Dizeli

Ni sabuni gani iondoayo harufu ya dizeli mkononi mwa mtu anayekanda unga? Mpishi alikuwa amejaribu ndimu, majivu, hata siki. Bado kila donge la unga lilimrudishia uvundo uleule.

Kila mchana, makombo ya kantini ya wachimba mafuta yalitupwa shimoni, nje ya uzio. Tangu vijana wa mtaani wafunge lango wakidai kazi na maji safi, msimamizi, ambaye jikoni walimbandika jina la Bwana Funika, alikuwa ametoa amri: makombo yamwagiwe dizeli, vijana wasije wakayaokota wakashiba na kupata nguvu za kurusha mawe. Mpishi ndiye aliyemwaga. Alijiambia kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayegusa uchafu ule.

Jumapili akaenda kumjulia hali wifi yake, dada wa mumewe. Alimkuta amechutama kando ya beseni, anafikicha wali kwa sabuni ya unga. Juu ya maji ulitanda utando wa zambarau na kijani.

"Karibu, wifi! Usinikunjie pua, nao ni wali huu. Maji ya tatu unatakata. Sijui ni ibilisi gani huko kwenu anayeutia mafuta."

"Na watoto wanaula?"

"Mdogo katapika kidogo tu. Mkubwa anauita wali wa koroboi. Eti tukiula, matumbo yatawaka tuone njia ya chooni."

Wifi alicheka peke yake. Mpishi alitoka nje, akatapika nyuma ya nyumba huku ameuweka mkono wake wa kulia mbali na uso, kama mkono wa mtu mwingine.

Kesho yake, Bwana Funika alisukuma dumu kwa ncha ya kiatu. "Wamepiga kelele tangu asubuhi. Leo wazidishie."

"Kwetu taa imekauka tangu juzi, huku wali unanyweshwa dizeli," alinong'ona mwosha vyombo. Jikoni wakacheka kwa pua.

Mpishi hakuinama kulichukua dumu.

"Anayekula kule shimoni ni wifi yangu," alisema.

"Na wewe unakula hapa. Chagua."

Alivua aproni, akawageukia wenzake.

"Nisikilizeni nyote. Mimi dizeli simwagi tena, leo wala kesho. Chakula hiki nakipeleka langoni kikiwa kisafi, na wifi yangu nitamwambia kwamba aliyekuwa akimwaga ni mimi."