Koti la Wilf

...msifikiri ngome hii ya kale iliangushwa na mizinga, anawaambia watazamaji yule binti mchimbuaji wa mabaki ya kale, mwenye kofia ngumu, mizinga ilitoboa ukuta tu, waliokuwa ndani wakasalimu amri, na Noreen Staniforth anatazama midomo ile ikifunguka na kufumbika, anatazama shimo, mawe machache yenye matope, hapa hapa katikati ya Sheffield palipokuwa soko kabla nalo halijabomolewa, hapa yeye na mumewe Wilf waliuza utumbo na kwato za ng'ombe tangu wakiwa wachumba, juu ya ngome iliyofukiwa, Wilf akiwatania wateja, “Kula, mama, leo unakula nyumbani kwa mabwana, siki bure,” na Gail, binti yao, anamshika kiwiko, “Mama, basi nimwambie dalali aje Jumatatu? Nyumba yote ile ya nini kwa mtu mmoja,” na Noreen anasema sawa, kama alivyosema sawa kwa kasisi, sawa kwa mwenye majeneza, sawa kwa daktari aliyesema moyo wa Wilf umegoma, neno linatoka lenyewe, watu wanamsifu, Noreen jasiri, hata chozi hakuna, naye hajui ujasiri uko wapi, kifuani mna kitu kama mguu uliokufa ganzi... vita vilikuwa vimekwisha, anasema binti wa kofia, ndipo amri ikaja ngome ibomolewe, watu wa mji wakabeba mawe, huyu la zizi, yule la kizingiti, na Noreen anawaona, watu wema tu, hakuna mwenye kinyongo, jiwe lisiharibike bure, kama Gail Jumamosi na mifuko yake myeusi, “Kaa, mama, usijichoshe,” viatu, miwani, suruali za Wilf zikishuka ngazi, na yeye kitini na kikombe cha chai, sawa, sawa, kumbe kifo hakikuchukua hata soksi, kumbe ni sisi tunaobeba, ni baada ya... “Gail.” “Naam, mama.” “Koti la baba yako la sokoni umelipeleka wapi?” “Lipi?” “Jeupe. Lenye harufu.” “Mama, lile lilikuwa limechakaa, nimelipeleka...” “Kalirudishe nyumbani,” anasema Noreen, na sauti inamtoka nene, ya sokoni, mtu wa mbele anageuka, “na huyo dalali asije,” na binti mwenye kofia bado ananyoosha kidole kwenye jiwe lile lile, na chozi la kwanza linamshuka Noreen, wala hajizuii.