Mkono wa Kushoto wa Asukile

Ulimwona, usikatae. Jumamosi saa tisa ulipita pale kwenye kiwanja cha shule, Mbeya, baiskeli yako ina gunia la mkaa nyuma, ukawaona watoto wa skauti wanakimbizana na fimbo zao. Nje ya ua wa minyaa ukamwona kijana mzima, ndevu zinachipua, amesimama anawatazama. Ukajua anataka kuingia. Ukajua pia kwamba si mwanao. Ukakanyaga pedeli. Basi leo kaa chini usikie, maana wako watu hawasahau, na jambo hili lina mwaka wake na lina majina yake.

Mwaka ni 1954. Kijana wa mwaka huo ni Asukile, Mnyakyusa aliyezaliwa Tukuyu na kulelewa Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, ambako baba yake alimtoa mgongoni mwa mama akamweka moja kwa moja kwenye gogo la kuvutia ndoo. Miaka ambayo wenzake walikuwa wanaimba a-e-i-o-u, yeye alikuwa anateremsha watu shimoni kwa kamba na kuwapandisha. Alipofika darasani, shule moja hapo Mbeya mjini, alikuwa na miaka kumi na saba. Walimweka benchi la nyuma, magoti yakigonga meza, na watoto wanaolingana na mdogo wake wa mwisho wakamwita Babu.

Mwalimu wa skauti alikuwa Eliezeri. Habari hii inamfuata yeye kwa sababu yeye hakupita kama wewe. Alisimama, na kusimama kwake ndiko kulikozaa haya.

Jumamosi moja alimwachia filimbi Liberatus, kiongozi wa doria, mtoto wa miaka kumi na moja mwenye sauti kama ya jogoo, akaenda mpaka kwenye minyaa.

“Kila wiki unatulindia ua,” akamwambia. “Nani anakulipa?”

“Natazama tu, mwalimu.”

“Kutazama kunachosha miguu. Ingia.”

Akaingia, na siku ile ile akaharibikiwa. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Mtoto wa miaka kumi ukimwambia asalimie kwa mguu, atasalimia kwa mguu na kucheka. Lakini Asukile alikuwa amekwisha kulelewa. Mkono ule alichapwa kila alipoutumia, tangu ananyonya. Kumnyooshea mwalimu mkono wa kushoto kwake ilikuwa sawa na kumtemea mate. Akauficha mgongoni. Watoto wakaangua kicheko. Na Zubery naye akaongeza lake. Huyu alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa Othmani mwenye duka, aliyekaa chuoni mpaka akahitimu msahafu ndipo akapelekwa shule. Alisema kwao mkono ule una kazi moja tu, na si kazi ya hadharani. Kiwanja kizima kikacheka tena. Asukile hakucheka. Aliondoka, na Jumamosi iliyofuata alikuwa nje ya minyaa, palepale.

Eliezeri aliliwaza jambo hilo wiki nzima. Akaona kwamba anayechelewa si mzito wa kujifunza. Ana mengi ya kufungua kabla ya kufunga mapya, na kuyafungua mbele ya watoto ni kumvua nguo. Basi akawaita wote wawili, Asukile na Zubery, nyumbani kwake Jumapili alasiri. Mkewe Yudith akawapa chai na magimbi. Pale, bila kicheko cha mtu, akawaeleza kwamba ngao hushikwa kwa mkono wa kushoto, na anayekupa mkono huo ameiweka ngao yake chini.

“Mkono wa kulia nampa hata polisi aliyekuja kunikamata,” akasema. “Huu nampa yule ninayemwachia mgongo wangu.”

Asukile aliutazama mkono wa mwalimu muda mrefu. Halafu akafuta kiganja chake cha kushoto kwenye kaptura, akautoa.

Tangu siku hiyo mwalimu hakumweka tena kwenye michezo ya kurukaruka. Alimpa kamba. Asukile akawafundisha wadogo lile fundo la kumteremshia mtu shimoni, lisiloteleza wala kubana kifua, na Liberatus mwenyewe, kiongozi, akawa anamfuata nyuma na kipande cha kamba akiomba arudiwe. Babu waliendelea kumwita, ila sasa walimwita kama mtu anavyoita babu yake.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ya mchezo. Mkuu wa shule alikwisha kutangaza kwamba mwisho wa mwaka atawafagia wote waliopita umri, benchi zipate nafasi. Eliezeri akamwendea, akaomba, akabembeleza, mpaka akapata neno: Asukile akila kiapo cha skauti akavishwa skafu, hiyo itakuwa ushahidi wa tabia, naye ataendelea na darasa linalofuata. Asipoipata, arudi kwao. Na kwao ni shimoni. Kitambaa kile cha shingoni kikawa ndicho shule yenyewe.

Viapo vilikuwa vya mwezi wa saba, kambini Iringa. Karatasi ikaja kutoka kwa kamishna wa kambi, na ndani yake sharti: skauti mpya aliyepita miaka kumi na minne asiandikishwe. Hakueleza sababu, wala hakuna aliyeuliza. Mwaka ule mambo ya Kenya, vijana kuingia msituni na silaha, yalikuwa yamewakosesha Wazungu usingizi. Vijana wenye vifua, kwenye mstari, na fimbo mkononi, halikuwa jambo la kumfurahisha mkubwa.

Eliezeri akakaa mezani na kalamu. Asukile, akaandika, miaka kumi na mitatu. Zubery, kumi na mitatu.

Yudith alikuwa amesimama nyuma yake. “Huyo wa kumi na mitatu ndiye aliyetubebea gunia la mahindi kutoka sokoni peke yake?”

“Makongolosi nani ana cheti cha kuzaliwa?”

“Sijauliza cheti, baba. Nauliza mkono ulioandika ni wa nani.”

Eliezeri aliikunja karatasi.

Ndani ya lori, walipokwisha kupita Makambako na vumbi limewageuza wote rangi moja, akawaambia wale wakubwa wawili kwamba wakiulizwa umri waseme kumi na mitatu. Zubery akapapasa mdomo wake wa juu, akasema basi itabidi watoto wa Iringa wamwazime wembe.

“Na ile kanuni ya kwanza ya skauti, mwalimu?” Asukile akauliza.

“Hiyo inaanza ukishaapa,” Eliezeri akasema, akatazama nje.

Kambi ilikuwa nje ya mji, upande wa barabara ya Tosamaganga, kwenye upepo unaopenya blanketi. Asukile aliwasha moto kwa kijiti kimoja cha kibiriti. Alifunga mafundo yote, akaongeza na lake. Alieleza bendera. Jioni ya pili wakapangwa mstari kwa mahojiano ya mwisho, kamishna mbele na karatasi zake, Eliezeri kando yake, skafu zimekunjwa mezani.

Zubery akaulizwa umri. Akasema kumi na mitatu, bwana, bila kupepesa. Kamishna akamtazama mdomo, akatabasamu, akamvisha.

Akaja Asukile.

“Kanuni ya kwanza?”

“Heshima ya skauti ni kuaminiwa, bwana.”

“Una miaka mingapi?”

Skafu ilikuwa karibu naye kiasi cha kuigusa. Asukile akamtazama mwalimu wake, si kwa kumlaumu, bali kama anayeomba ruhusa. Halafu akasema, “Vita vya Hitila vilipoanza nilikuwa natembea, bwana. Nina kumi na saba.”

Kamishna akapekua karatasi. “Hapa ni kumi na mitatu. Nani aliandika hivi?”

Eliezeri alisikia turubai la hema linapigwa na upepo. Aliiona kichwani nyumba ya shule anayokaa, akamwona Yudith anatoa masufuria nje. Neno lilikuwa fupi tu: mimi. Mtoto wa machimboni alikuwa amekwisha kumwonyesha jinsi linavyosemwa.

“Aliniambia hivyo mwenyewe, bwana,” akasema Eliezeri. “Alinidanganya.”

Asukile hakubisha. Mtu aliyekulia shimoni anajua kwamba wa juu akiachia kamba, kelele haikusaidii. Aliilaza fimbo yake chini polepole, akatoka kwenye mstari, akaenda kukaa ndani ya lori. Huko alilala, na huko alikaa mpaka Mbeya, mgongo kwa watu.

Barua ya kamishna ilifika kwa mkuu wa shule wiki ile ile: amepita umri, tena mwongo. Kabla mwezi wa nane haujaisha benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Siku chache baadaye Zubery alibisha mlangoni kwa Eliezeri. Alikuwa ameifunga skafu ndani ya gazeti kama nyama ya sokoni. Akaiweka mezani.

“Aliyedanganya ni mimi, mwalimu,” akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. “Nami ndiye niliyepewa.”

Krismasi ilipokaribia na shule kufungwa, Eliezeri alipanda lori la Chunya. Alikuwa ameandika barua ya kukiri kila kitu, iko mfukoni, bado haina jina la anayeandikiwa. Makongolosi akaelekezwa shimo kwa shimo mpaka akamkuta. Asukile alikuwa penye gogo la kuvutia ndoo, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Alipomwona mgeni aliifunga kamba, akaja huku akifuta viganja kwenye kaptura, vyote viwili.

Eliezeri akatoa mkono wa kushoto.

Asukile akautazama. Kisha akatoa wa kulia, akaushika kiwikoni kwa ule wa kushoto, akainamisha kichwa, kama anavyosalimiwa mzee yeyote, karani yeyote, polisi yeyote aliyekuja kukamata.

“Shikamoo, mwalimu.”

Ikabidi Eliezeri abadilishe mkono.

Asukile alimletea maji kwenye kopo, akamtandikia gunia akae. Aliuliza hali ya mama Yudith, akauliza kama Liberatus bado analikumbuka fundo. Eliezeri akaitoa barua, akaanza kueleza kwamba atakiri, ataandika kwa wakubwa, mambo yatarekebishwa.

“Utampelekea nani, mwalimu? Mimi niko hapa.”

Kamba ikatikisika kutoka chini, mara mbili. Asukile akainuka.

“Samahani, mwalimu. Kuna mtu huko.”

Akarudi kwenye gogo lake. Eliezeri alikaa juu ya gunia mpaka lori la kurudi lilipopiga honi.

Barua ile iko kwenye mtoto wa meza, Mbeya, mwaka wa tatu sasa. Eliezeri angali na nyumba ya shule. Angali na filimbi. Na kila Jumamosi saa tisa nje ya minyaa anasimama kijana mwingine, yule uliyemwona wewe, Kalinga, mtoto wa Mhehe aliyeletwa na kazi ya barabara, miaka kumi na sita, darasa la pili. Mwalimu akipuliza filimbi huwa ameipa ile minyaa kisogo. Aliogopa siku moja, na siku hiyo haijaisha.

Usimcheke. Yeye angalau alimfikisha mmoja mpaka Iringa. Wewe unapita na mkaa wako. Jumamosi ni keshokutwa. Laza hiyo baiskeli chini, mshike Kalinga mkono, mwingize uwanjani mbele ya mwalimu, na mbele ya watoto wote umpe mkono wako wa kushoto. Karatasi ikija, andika miaka yake ya kweli, kumi na sita, uweke jina lako chini. Na mkubwa akiuliza nani aliandika hivi, usitazame pembeni. Fungua mdomo useme: mimi.